Bizimu, Njumu na Nembo: Msamiati wa Wafua Fedha katika Pwani ya Mtwara na Mlango wa Ruvuma



Utangulizi

Katika masoko yetu ya mitumba huuzwa mikanda ya ngozi yenye bamba pana la madini kwa mbele. Bamba hilo huwa na picha ya farasi arukaye, kichwa cha ng'ombe mwenye pembe ndefu, au majani yanayojisokota kutoka ukingo hadi ukingo. Mikanda hiyo imetoka Marekani, au imeigiza ya Marekani, na vijana wa Mtwara huipenda. Mnunuzi akitaka kuuliza bei, husema: "ule wenye chuma kikubwa." Chuma hicho si chuma, mara nyingi ni zinki iliyosubiwa katika kalibu na kupakwa rangi ya fedha. Na kina jina. Jina lake ni bizimu.

Neno hili halikuundwa na kamati. Limo katika kamusi zetu, na asili yake ni Kiarabu, ibzim. Swali la mhadhara huu ni kwa nini neno lililo hai katika kamusi limekufa sokoni, na ni maneno mangapi mengine ya kazi ya fedha yamo katika hali hiyo hiyo. Nitadai kwamba Kiswahili kilikwisha kuwa na istilahi za ufundi huu, zilizopangika vizuri kuliko tunavyodhani, na kwamba tunapokaa kuunda istilahi mpya za ufundi wa madini tunafanya kazi ambayo kwa sehemu kubwa imekwisha fanywa na watu wasiojua kusoma kamusi.

Pwani moja iliyokatwa

Watu wa zamani waliita pwani hii ya kusini Mgao, kama walivyoiita ya kaskazini Mrima. Mgao haukuishia Ruvuma. Majahazi ya Mikindani, Sudi na Msimbati yalikwenda visiwa vya Kerimba bila kujua kwamba yanavuka chochote. Mpaka wa Ruvuma ni matokeo ya mapatano ya Wajerumani na Wareno ya mwaka 1886, na hata baada ya hapo pembetatu ya Kionga, kusini ya mlango wa mto, ilichukuliwa na Wajerumani mwaka 1894 na kurudi kwa Wareno mwaka 1916. Mtu aliyezaliwa Kionga mwaka 1890 aliweza kuwa raia wa madola mawili bila kuhama nyumba yake.

Kwa mwanaisimu jambo hili lina uzito wake. Upande wa kusini husemwa Kimakwe na Kimwani, lugha ambazo msemaji wa Kiswahili huzisikiliza kama mtu asikilizaye wimbo anaoujua uimbwao kwa sauti ngeni. Bara kidogo, pande zote mbili, husemwa Kimakonde. Tukisoma msamiati wa kazi yoyote ya pwani hii, iwe ya ngalawa, ya chumvi au ya fedha, na tukasimama ukingoni mwa mto kwa kuwa ndipo ramani ilipoishia, tumesoma nusu.

Nusu ile nyingine, kwa upande wa fedha, iko katika kisiwa cha Ibo. Huko wafua fedha wamefanya kazi kwa vizazi vingi, na katika miaka ya karibuni karakana yao imejulikana kuwa ndani ya ngome ya São João Baptista iliyojengwa mwaka 1791. Nitarudi huko. Kwanza tuyatazame maneno.

Bizimu na jamaa zake

Mavazi ya kiunoni ya Mswahili wa zamani yalikuwa na majina mengi kwa sababu kiuno kilikuwa na kazi nyingi. Mwanamke alijifunga kibwebwe. Na mpaka leo mtu anayeazimia jambo kwa nguvu zote husemwa amejifunga kibwebwe, hata akiwa ni mhasibu aliyekaa kitini. Mwanamume alijifunga masombo, kitambaa kirefu cha kuzungushwa, au mahazamu, au mshipi. Masombo na mahazamu hayahitaji bizimu: nguo hujifunga kwa fundo. Mshipi wa ngozi ndio unaohitaji kitu cha kuushika, kwa sababu ngozi haifungiki fundo. Kwa hiyo bizimu ni neno la watu waliovaa ngozi, na kwa pwani yetu ngozi ya kiunoni ilihusika zaidi na silaha.

Jambia, ambalo pia huitwa hanjari, huvaliwa kwa mshipi. Waomani waliokaa pwani hii walivaa mshipi uliofumwa kwa nyuzi za fedha au wa ngozi, ukiwa na bizimu ya fedha na pete za kuning'iniza ala. Heshima ya mvaaji ilisomwa katika ala na mshipi kabla ya kisu kuchomolewa. Omani imeweka jambia pamoja na mshipi wake katika nembo ya taifa, na mwaka 2022 UNESCO iliuingiza ufundi wa hanjari katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Watoto wa Waswahili walioko Maskati huiona bizimu hiyo kila sikukuu. Kwa hiyo tusiseme kwamba kitu kimepotea duniani. Kimepotea kiunoni mwetu.

Vito vya wanawake vilifuliwa kwa mikono hiyo hiyo, na hapo msamiati hutajirika zaidi: kikuku, kekee, timbi, furungu na mtali, mkufu, kipini cha puani, jasi na kipuli cha sikioni, na kibweta cha fedha cha kutilia hirizi. Wanafunzi wengi niliowasomesha hutaja yote haya kwa neno moja, bangili au hereni. Kosa si lao. Mtu hawezi kutofautisha furungu na mtali kama hajaona mguu uliovaa kimojawapo: furungu ni kubwa na tupu ndani, mtali ni mzito. Mfua fedha alilazimika kujua tofauti hiyo, kwani kitu kilicho tupu ndani huhitaji bamba jembamba na lihamu, na kilicho kizito huhitaji fedha nyingi na nyundo.

Fedha ilitoka wapi

Lugha yetu huita kwa jina moja madini na pesa. Fedha ni Kiarabu fidda, madini. Lakini kwetu Wizara ya Fedha haihusiki na vikuku. Mkanganyiko huu una sababu ya kazini. Pwani hii haikuwa na machimbo ya fedha. Mfua fedha alipata madini yake kutoka mfukoni mwa mteja, kwa sura ya sarafu, akaiyeyusha. Pesa ilikuwa malighafi.

Na hapa historia ya uchumi wa pwani inaweza kusomwa katika kiganja cha fundi. Reale ya Maria Theresa, yenye mwaka 1780 hata ilipopigwa miaka mia baadaye, ilikuwa na uzito wa gramu 28.07 na fedha sehemu 833 katika 1,000. Yaani gramu 23 na zaidi ya fedha halisi. Shaba iliyochanganywa humo iliipa ugumu wa kutosha kuvaliwa bila kuifanya ipasuke chini ya nyundo. Rupia ya Wajerumani, iliyoanza kutolewa mwaka 1890, ilikuwa ndogo, gramu 11.66, lakini safi zaidi: sehemu 917. Fundi aliyezoea reale hakuona taabu na rupia.

Kisha ikaja shilingi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1921. Ilikuwa na uzito wa gramu 7.78, na fedha ndani yake ilikuwa robo tu. Pigeni hesabu: ili kupata fedha iliyomo katika reale moja, fundi angehitaji shilingi 12, na angebaki na shaba na madini mengine mara tatu ya fedha yenyewe, mchanganyiko ambao huwa mweusi upesi na hauna mng'aro ambao mteja aliulipia. Mwaka 1948 hata robo hiyo ikaondolewa. Tangu hapo sarafu haikuwa na kitu cha kumpa mfua fedha.

Tumezoea kueleza kufifia kwa sanaa za pwani kwa kulaumu vijana, au mashine, au usasa. Katika jambo hili mimi naona sababu iliyo wazi zaidi: serikali ya kikoloni ilibadili madini ya sarafu, na ufundi uliotegemea sarafu ukakatiwa chakula chake. Aliyetaka kuendelea ilimlazimu kununua fedha dukani kwa sonara mwenye mtaji, au kuyeyusha vikuku vya bibi yake ili kufua vya mjukuu. Njia hii ya pili ndiyo sababu vito vya zamani vimekuwa adimu. Vingi havikuibwa wala kuuzwa kwa watalii, vimevaliwa tena kwa sura nyingine.

Jambo la namna hii lilitokea pia Marekani magharibi. Wanavajo walijifunza ufundi wa fedha kwa mafundi wa Kimeksiko katikati ya karne ya 19; jina la Atsidi Sani ndilo linalotajwa kuwa la kwanza. Nao waliyeyusha sarafu, za Marekani na za Meksiko, wakafua mishipi ya mabamba ya duara na bizimu zake. Mabizimu makubwa tunayoyaona kwenye mitumba yana deni kwao. Wachunga ng'ombe wenyewe wa karne hiyo walishikilia suruali kwa kanda za mabegani zaidi kuliko kwa mkanda. Bizimu pana imetukuzwa na sinema katika karne ya 20, kisha ikawa tuzo la mshindi katika mashindano ya kupanda farasi wakali.

Kufua, kusubu, kukata, kugonga

Sasa niwaombe wanafunzi wa mofolojia na semantiki wasogee karibu, kwa sababu utajiri wa msamiati huu uko katika vitenzi.

Kitenzi mama ni fua. Ni cha Kibantu, cha kale sana. Mzizi wake umeenea katika lugha nyingi za Kibantu ukihusu kupiga chuma. Kwetu tunafua chuma, tunafua nguo, tunafua nazi. Kinachounganisha matendo haya matatu ni pigo linalorudiwa mpaka kitu kibadilike. Kutoka hapo tuna mfua fedha, na tuna fuawe, jiwe au chuma cha kufulia, ambalo kwa maoni yangu bado linaonyesha jiwe katika silabi yake ya mwisho.

Kusubu ni tofauti: ni kumimina madini yaliyoyeyuka katika kalibu. Kilichosubiwa hakikufuliwa, na fundi hawezi kuchanganya maneno haya mawili, kwani kilichosubiwa huvunjika pale ambapo kilichofuliwa hupinda. Bizimu za mitumba zimesubiwa. Bizimu ya jambia imefuliwa.

Uzi wa fedha hauchongwi wala haumiminwi, huvutwa. Fundi hupitisha fimbo nyembamba ya fedha katika bamba la chuma lenye matundu yanayopungua ukubwa, tundu baada ya tundu, hadi fedha iwe nyembamba kama uzi wa kushonea. Bamba hilo lina jina: chamburo. Neno hili limo katika orodha za maneno zilizokusanywa Unguja katika karne ya 19. Nimewahi kuuliza darasa zima la mwaka wa tatu na pasipatikane aliyelijua. Katika vitabu vya ufundi vya leo kifaa hicho huelezwa kwa maneno matano au sita, na mwandishi hudhani amekuwa wa kwanza kukieleza kwa Kiswahili.

Vipande huunganishwa kwa lihamu, neno ambalo kitenzi chake, kulehemu, kingali hai katika gereji zetu zote. Hili ndilo neno la wafua fedha lililobahatika. Limehamia kwenye fremu za baiskeli na mageti ya chuma, likanenepa.

Kisha nakshi. Hapa kamusi zetu hutuangusha kidogo, kwa kuwa huifafanua nakshi kwa sura yake, yaani mapambo ya kuchora au kuchonga, bila kutazama mkono. Bamba la fedha huwekwa juu ya lakiri iliyopashwa moto, ikagandamana nalo ili lisitikisike. Fundi anaweza kufanya mambo mawili. Anaweza kuchukua tindo butu na kugonga mstari, ikawa fedha imebonyea lakini haikupungua hata punje. Au anaweza kuchukua kalamu ya chuma yenye ncha kali, akaisukuma kwa kiganja, nayo ikang'oa unywele wa fedha na kuacha mfereji wenye kuta zinazong'aa. Kazi ya kwanza ukiipima kabla na baada uzito ni ule ule. Ya pili hupunguza uzito, na mteja aliyeleta reale zake ana haki ya kuuliza unga uko wapi.

Wachonga milango wa pwani husema kukata nakshi. Napendekeza msemo huo ubaki kwa kazi ya pili tu, na ya kwanza iitwe kugonga nakshi. Wazungumzaji wataelewa bila mafunzo, kwa kuwa vitenzi vyenyewe vinasema ukweli wa mkono. Anayetaka kuuona uhusiano wa mti na fedha na aende Mikindani akaitazame milango ya nyumba za zamani: mzabibu unaopanda kwenye boriti ya pembeni ndio huo huo unaozunguka ukingo wa kekee, umepunguzwa tu hadi upana wa ukucha. Tofauti ni kwamba mti una uzi wake, nao humwongoza au humpinga fundi. Fedha haina uzi, kwa hiyo mkono ukiteleza hakuna cha kuulaumu.

Maneno yaliyohama

Baadhi ya maneno ya karakana hayakufa. Yamehama, na wenyeji wao wapya hawajui yalikotoka.

Njumu ni mapambo ya kupachika: vipande au nyuzi za fedha zilizozamishwa katika mti au chuma, kwenye kiti, kitako cha bunduki au mpini wa upanga. Haliko mbali na nujumu, nyota, na anayekitazama kiti cha mpingo kilichotiwa njumu ataona kwa nini. Leo njumu ni viatu vya mpira wa miguu, hasa katika magazeti ya Kenya. Mchezaji anayestaafu hutundika njumu zake. Vijino vilivyo chini ya kiatu vimerithi jina la nyota za fedha.

Msasa ulikuwa jani. Mmea huo una majani makavu yenye kukwaruza, na fundi alisugulia kwa hayo kabla ya kuondoa weusi wa moto kwa maji ya ndimu au ukwaju. Karatasi ya dukani ikachukua jina lake; na siku hizi walimu, makocha na hata wabunge hupigwa msasa katika semina.

Nembo ndilo linalonigusa zaidi kwa kuwa ni neno la huku. Wamakonde huziita dinembo zile chale zilizokatwa usoni na mwilini, kisha zikatiwa masizi ili zibaki. Huonekana pia kwenye vinyago vya mapiko, vilivyochongwa au kuwekwa kwa nta. Katika Kiswahili cha zamani nembo ilikuwa hiyo hiyo, alama katika ngozi ya mtu. Sasa nembo ni ya taifa, ya chuo, ya kampuni ya simu. Mkata dinembo na mkata nakshi wanafanya tendo moja: mstari uliopigwa mara moja usioweza kufutwa. Kuna mistari ya pembe iliyopangwa moja ndani ya nyingine ambayo mtu anaweza kuikuta katika shavu la mzee wa Newala na katika ukingo wa kikuku cha pwani. Sidai kwamba mmoja aliiga mwingine. Nasema anayesoma fasihi ya alama katika eneo hili asianze na karatasi.

Ng'ambo ya mto

Nilisema nitarudi Ibo. Wafua fedha wa kisiwa hicho wanasifika kwa mikufu ya uzi wa fedha uliosokotwa na kulehemiwa kwa vifaa vichache, na kwa kuyeyusha sarafu za zamani. Kazi yao, na maneno yao ya Kimwani kwa kila hatua ya kazi hiyo, ni ushahidi ambao upande wetu hatuna tena kwa ukamilifu.

Mwezi Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilikipiga kisiwa hicho na kubomoa nyumba nyingi. Kabla ya hapo, Oktoba 2017, vita vilikuwa vimeanza Mocímboa da Praia. Machi 2021 vikafika mji wa Palma, siku moja ya safari kutoka hapa Mtwara. Watu wa pwani hiyo wametawanyika: wengine Pemba, wengine visiwani, wengine wakavuka Ruvuma. Anayekimbia hubeba mtoto na sufuria. Habebi fuawe.

Kwa sababu hiyo natofautiana na wenzangu wanaosema kwamba ukusanyaji wa istilahi za ufundi unaweza kusubiri mradi mkubwa wenye fedha za kigeni. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili, mwenye kinasa sauti na mizani ndogo, anaweza kufanya sehemu muhimu ya kazi hii hapa hapa, miongoni mwa watu waliohama na miongoni mwa masonara wa mjini. Asiende na orodha ya maneno ya kuthibitishwa. Mkimpa fundi orodha, atawakubalia kwa adabu. Aende na kitu kilichovunjika, kikuku au bizimu, aombe kitengenezwe, akae chini akisikiliza fundi anavyomwagiza mwanagenzi wake. Amri za karakana ni fupi na hazina mapambo, na ndizo zenye vitenzi tunavyovitafuta.

Kazi hiyo ina mlaji. Vyuo vya VETA vinafundisha uchomeleaji na uungaji wa madini. Kituo cha Jemolojia kilichoko Arusha kinafundisha ukataji wa vito. Mwalimu wa huko akikosa neno, hukopa la Kiingereza na kulitia kiambishi, na hakuna wa kumlaumu kama sisi hatujampa chamburo, kusubu wala kukata nakshi kwa maana iliyopimwa.

Limebaki jambo dogo la bizimu yenyewe. Neno tunalo, lakini sehemu zake hazijapewa majina yanayokubalika kwa wote. Kijiti kinachoingia katika tundu la mkanda wapo wanaokiita ulimi na wapo wanaokiita jino. Mzingo wake huitwa pete au fremu. Kitanzi cha kupokea ncha ya mkanda sijasikia kikiitwa kwa jina moja mara mbili. Mimi nachagua ulimi, kwa kuwa hulala na kuinuka, na jino halifanyi hivyo. Anayechagua jino na asimame sasa atuambie sababu.